Risasi Isiyokubali Kucha

Fundi alifuga ukucha mmoja mrefu, wa kidole gumba cha kulia, na wasiomjua walidhani ni mbwembwe za uzeeni. Kumbe ulikuwa kifaa cha kazi. Ukimletea kipande cha risasi, yale madini mazito ya kijivu aliyoyayeyusha kusubia goroli za magobori, alikikwaruza kwa ukucha mara moja tu. Ukucha ukiacha mfuo unaong'aa, alisema "laini" akakiweka kando kama yai. Ukiteleza, alisema "ngumu" akakitupia kwenye pipa la mafundi betri, na hapo hata ungelia machozi ya damu asingekitoa tena.

Si kwamba alikuwa mkaidi. Gobori hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu. Inatangulia baruti, halafu goroli iliyovikwa kitambaa chenye mafuta, kisha mdeki, ule ufito wa kushindilia, unaisukuma mpaka chini kabisa, goroli ikae juu ya baruti bila kuacha nafasi. Goroli ya risasi laini hukubali. Hubonyea kidogo, ikateremka. Ya risasi ngumu haijui kukubali. Tena ikipoa hainywei kama laini, kwa hiyo hutoka kwenye kalibu, chombo cha kuipa umbo, ikiwa nene zaidi, unene wa unywele, lakini ndani ya mtutu unywele ni mlima. Na kalibu ya Fundi ilikuwa moja tu, ya chuma, aliyoachiwa na baba yake, iliyochongwa zamani risasi laini ilipokuwa inaokotwa.

Zamani hizo zilikuwa zimepita. Mabomba ya maji yalikuwa ya plastiki sasa, na nyaya za ardhini zilivikwa mpira. Kilichobaki kwa wauza vyuma chakavu ni sahani za betri, ambazo Fundi hakuzigusa kwa sababu ya sumu yake, na vile vipande vinavyobanwa kwenye rimu kusawazisha tairi. Vipande hivyo ni risasi, ndiyo, lakini vimechanganywa na madini mengine ili viwe vigumu. Mwisho wa kiangazi kile, kopo la risasi laini la Fundi lilikuwa limebaki na vumbi na kipande kimoja kama sabuni iliyokwisha.

Ndipo shemeji yake alipokuja.

Shemeji huyu alikuwa mume wa mdogo wake Fundi, mkulima mwenye shamba la mahindi ng'ambo ya machimbo ya kokoto. Watu walimwita Mwendapole, kwa kuwa hata nyumba ikiungua angefunga kwanza vifungo vya shati. Siku hiyo hakuwa amefunga hata kimoja.

"Shemeji, nguruwe mwitu," alisema kabla ya salamu. "Wameingia. Kundi zima, na vitoto vyao. Wanakula upande wa chini kama wamealikwa."

"Na gobori?"

"Gobori lipo, baruti ipo. Goroli ndiyo sina. Nisubie hata chache, niwatishe."

Fundi alimwonyesha kopo. Mwendapole alichungulia, akalitikisa, akachungulia tena.

"Na hizi?" Alionyesha lile pipa la mafundi betri, lililojaa pomoni vipande vya rimu.

"Hizo ngumu."

"Risasi si risasi?"

"Basi na mimi na wewe ni wanaume, mbona dada yangu alikutaka wewe?" alisema Fundi, na kwa mara ya kwanza Mwendapole akacheka kidogo. "Nipe nafasi nitafute."

Alitafuta kweli. Alianza kwa mwanamke mmoja muuza chakavu aliyeitwa Mama Vyuma, ambaye uwanja wake ulikuwa nyuma ya karakana za magari, wenye vilima vya radieta na mabati. Mama Vyuma alimfahamu vizuri. Alimmwagia mbele yake kila kitu cha kijivu alichokuwa nacho, na Fundi akachuchumaa pale juani, akikwaruza, akiangusha kimoja kimoja kwenye zege na kusikiliza. Risasi laini ikianguka hutoa sauti nzito iliyoziba, kama mtu aliyeangusha donge la udongo. Ngumu hulia. Siku ile uwanja mzima ulilia.

"Hiki je?" aliuliza Mama Vyuma.

Ukucha uliteleza. "Hapana."

"Na hiki? Kimetoka kwenye paa la jengo la zamani."

"Hicho ni zinki, mama."

"Wewe Fundi unachagua risasi kama mwanamume anayechagua mchumba. Mwisho utaoza na ubachela."

"Mchumba mbaya hakulipukii usoni."

"Nani kakwambia?" alisema Mama Vyuma, na wakacheka wote wawili, lakini Fundi aliondoka mikono mitupu. Alipita kwa mafundi bomba. Alipita kwa mtu aliyekuwa akitengeneza vizito vya nyavu, ambaye siku hizi alitumia saruji. Kila mahali alipokelewa vizuri, akapewa kiti, akaambiwa pole.

Aliporudi nyumbani alimkuta mdogo wake ameketi ukingoni mwa kitanda cha mama yao. Mama huyo alikuwa mzee sana, kifua chake kibovu, na chumba chake kilikuwa kile cha kati, chenye joto kuliko vyote. Mdogo wake hakuwa analia. Alikuwa anasokota pindo la kanga na kulisokotoa.

"Kaka, wamemaliza upande wa chini," alisema. "Jana walikuja jua halijazama. Tumepiga madebe, tumewasha matairi. Dume lao linasimama, linatutazama, halafu linaendelea kutafuna. Kama sisi ndio wageni."

"Nimezunguka mji mzima."

"Najua. Lakini mume wangu anasema unayo pipa zima pale nje."

Fundi alieleza tena. Mdogo wake alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za nchi ya mbali. Alipomaliza, akauliza, "Haiwezekani kulainisha?"

Hilo Fundi alikuwa akilikwepa. Angewezaje kumwambia hapana, na yeye ameketi vile? Alisema atajaribu.

Kusubu alikufanyia uani, chini ya kibanda kisicho na kuta, upepo ukimtoka mgongoni ili moshi usimrudie. Aliyeyusha vipande vya rimu kwenye karai la chuma, akatupia kipande cha mshumaa ili uchafu uelee juu, akaukwangua kwa upawa. Kisha akaongeza kile kipande cha mwisho cha risasi laini. Ilikuwa ni kutia kijiko cha sukari kwenye kisima, naye alijua. Akamimina kwenye kalibu, akaifungua, goroli zikatoka zinang'aa kuliko kawaida. Goroli nzuri za risasi laini huwa zimefifia. Hizi zilipendeza, na kupendeza kwake kulimtia wasiwasi. Alikwaruza moja. Ukucha uliacha alama hafifu, ambayo mtu ukitaka kuiona unaiona.

Mwendapole alitaka kuiona.

"Si imekwaruzika hiyo?"

"Kidogo. Nisikilize, shemeji. Jaribu kwanza bila baruti. Tia goroli na kitambaa, shindilia. Ikishuka mpaka chini kwa mkono mmoja, sawa. Ikigoma popote, usiendelee. Umenisikia? Usitie baruti kabla hujajaribu."

"Nimekusikia."

Na hakuwa anadanganya. Alidhamiria kujaribu. Lakini alipofika shambani jioni ile alikuta nguruwe wameshaingia, tena si upande wa chini bali katikati, kwenye mahindi yaliyokuwa yamekomaa. Mkewe alikuwa amesimama njiani ameshika debe bila kulipiga. Mwendapole akamimina baruti. Akavika goroli kitambaa, akaisukuma mdomoni mwa mtutu, akashindilia. Ilishuka mpaka nusu. Hapo ikagoma.

Alishindilia kwa mikono miwili. Alishindilia akiwa amepiga goti, mdeki ukipinda kama upinde, kisha akakumbuka maneno ya shemeji yake na jasho likamtoka. Sasa alikuwa na gobori ambalo ndani yake mlikuwa na baruti chini, goroli katikati, na nafasi tupu baina yake. Ukilifyatua lililo hivyo, mtutu hupasuka, na aliyelishika hupasuka nao. Na kuitoa goroli hakuweza. Akakaa chini, gobori mapajani, mdomo wake ukielekea kusiko na mtu. Mkewe alikuja akakaa kando yake. Wakawatazama nguruwe wakila, vitoto vikikimbizana kwa furaha, mpaka wakashiba na kuondoka kwa hiari yao.

Asubuhi Mwendapole aliingia uani kwa Fundi akilibeba gobori kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Hukujaribu," alisema Fundi.

"Walikuwa katikati ya shamba, shemeji. Ungekuwa wewe?"

Fundi hakujua angekuwa nani mahali pale.

"Nilikuwa nimefikiri," Mwendapole alisema taratibu, "nilifunge kwenye mti, nivute kamba kutoka mbali."

"Halafu?"

"Ama goroli itoke, ama basi."

"Hiyo basi yako itakuwa vipande vya chuma hewani. Lete hapa."

Fundi alifungua kichuchu, kidude kidogo nyuma ya mtutu kinachovalishwa fataki ya kuwashia baruti, akapitisha maji ya sabuni kwenye tundu lake mpaka akahakikisha baruti imelowa na kufa. Sasa halikuweza kulipuka. Akafunga parafujo kwenye ncha ya mdeki, akaiteremsha, akaanza kuizungusha ili ing'ate goroli aivute. Kwa risasi laini parafujo huingia kama kwenye jibini. Hapa ilizunguka tu juu juu. Fundi alisukuma, akazungusha, akaapa kimoyomoyo. Goroli iliyokataa kuingia sasa ilikataa kutoka, kwa sababu ile ile moja. Kuanzia asubuhi hadi jua la utosi alizungusha chuma, huku Mwendapole ameshika mtutu.

Kilichowaokoa kilikuwa pampu ya grisi, ya kuazima kwa jirani fundi magari. Fundi aliibana kwenye lile tundu dogo, akapiga. Grisi iliingia nyuma ya goroli, ikajaa, ikaanza kusukuma. Walisubiri wakipokezana pampu. Mwishowe goroli ilichungulia mdomoni mwa mtutu, imezungukwa na grisi nyeusi, ikadondoka juu ya zege na kulia ting.

Mwendapole aliitazama. "Sasa?"

Sasa gobori lilikuwa zima na halina cha kutia ndani. Maji yalikuwa yamewafika shingoni kama mwanzo, tofauti ni kwamba siku moja nyingine ilikuwa imeliwa.

"Mwanangu," sauti ya mama yao ilitoka dirishani. Alikuwa amesikia yote, kitanda chake kikiwa karibu na dirisha. "Njoo. Na mkwe wangu naye."

Waliingia. Mama alikuwa ameegemea mito, kidole kimoja kimeelekea darini.

"Juu ya kichwa changu kuna nini?"

Fundi alijua mara moja, akakunja uso. Nyumba ile ilikuwa na mapaa mawili yaliyokutana juu ya chumba cha kati, na pale yalipokutana, kwenye bonde linalokusanya maji yote, marehemu baba yake alilaza bamba la risasi. Risasi tupu, laini, iliyopigwa kwa nyundo ya mti mpaka ikafuata kila mkunjo. Miaka yote hiyo haikuwahi kupitisha tone.

"Hapana, mama."

"Laini au ngumu?"

"Laini. Lakini mvua ziko njiani, na kifua chako..."

"Kifua changu kilianza kuimba kabla hujaota meno. Binti yangu atakula kifua changu? Panda."

"Nitatafuta mahali pengine."

"Umeshatafuta," alisema mama, bila ukali wowote. "Panda, mwanangu, kabla mkwe hajafunga vifungo."

Fundi alimtazama Mwendapole, Mwendapole akatazama sakafu. Hapakuwa na mtu wa kumsaidia kusema hapana.

Alipanda na kisu. Bamba lilikatika kama ngozi, likakunjwa kama shuka. Upande wa chini, ambao jua halikuwahi kuufikia, zilionekana alama za nyundo ya baba yake, moja pembeni ya nyingine, mfano wa magamba ya samaki. Fundi alikaa juu ya paa kwa muda akiwa ameliweka mapajani. Kisha akalitupa chini. Pahali pake akalaza kipande cha bati na kukizungushia lami. Alikigonga, akakikunja, lakini bati si risasi. Likikunjwa hapa linainuka pale. Alishuka akijua litavuja.

Goroli za siku ile zilikuwa bora kuliko zote alizowahi kusubu. Zilitoka zimefifia, nzito, bila shimo wala mkunjo. Alipojaribu moja kwenye mtutu uliosafishwa ilishuka kwa mkono mmoja, polepole, ikitoa hewa kama mtu anayepumua usingizini. Mwendapole aliangua kicheko, akamkumbatia, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku ya harusi.

Na jioni ile alilenga. Fundi alikwenda naye, akasimama pembezoni mwa shamba na mdogo wake. Walimwona Mwendapole amelala kifudifudi, walisikia mlio, wakaona wingu la moshi mweupe, na moshi ulipopungua dume kubwa lilikuwa limelala kwa ubavu kati ya mabua. Kundi zima lilitimka likipiga kelele. Mdogo wake Fundi alimshika kaka yake mkono na kuubana mpaka ukauma.

Siku iliyofuata nguruwe hawakuonekana. Iliyofuata tena, walikuja. Waliingia upande wa machimbo, ambao Mwendapole hakuwa ameulinda, na wakati anazunguka kuwafuata wengine wakaingia upande wa chini. Alifyatua, akamjeruhi mmoja. Ili kufyatua tena ilibidi amimine baruti, avike kitambaa, ashindilie, aweke fataki. Na goroli zilishuka vizuri, kila moja, hakuna iliyogoma. Lakini nguruwe hawakai foleni. Mtu mmoja, gobori moja, shamba lina pande nne. Mwendapole alikimbia, yeye ambaye hakuwahi kukimbia, alikimbia mpaka akatapika. Goroli zilipokwisha, mahindi nayo yalikuwa yamekwisha. Kilichobaki hata kuku wasingekishindania.

Mvua ilinyesha wiki hiyo hiyo. Bati lilivuja kama Fundi alivyojua litavuja, kwanza kwenye kona, kisha juu ya kitanda. Walikivuta kitanda cha mama hadi chumba cha mbele, mama akiwa juu yake, akiwaelekeza kama dereva: kushoto, kushoto, mtanivunja na mlango. Alikuwa anakohoa kati ya neno na neno. Fundi alipanda tena paani na lami nyingine, akashuka amelowa chapachapa, na tone likaangukia pale pale lilipokuwa likiangukia.

Mwendapole na mkewe walihamia kwa Fundi. Walikuja na magodoro, sufuria na mbuzi mmoja, na Mwendapole akapata kibarua cha kupakia kokoto kwenye malori, upande ule ule wa machimbo ambao nguruwe walipitia. Akirudi jioni nywele zake nyeupe kwa vumbi, mkewe humcheka, anamwita babu. Chumba cha kati hawawezi kukitumia. Wanalala wote katika vyumba viwili, na kikohozi cha mama husikika kote.

Jioni moja wanaume hao wawili walikuwa wameketi uani, chini ya kibanda, wakingoja mvua ipungue ili wakamwage ndoo iliyokinga maji ya chumba cha kati.

"Shemeji," alisema Mwendapole, "nilitaka uelewe. Goroli hazikuwa na kosa. Zilishuka zote."

"Najua."

"Hukukosea popote."

"Ndiyo hiyo inayonitesa," alisema Fundi. "Ningekuwa nimekosea, kesho ningefanya vingine."

Ndani, mkewe Mwendapole aliita kwamba ndoo imejaa. Wakainuka pamoja, mmoja akashika mpini huku, mwingine kule, wakaibeba kupita chumba cha mbele kwa uangalifu wasimmwagie mama.